Zile filamu za kibanda umiza: tulichekeshwa na Jackie Chan au na mkalimani?

#1 Mtoto wa Tandale
Wakuu salaam.

Jumapili mvua ilitufungia ndani, nikamwekea mwanangu wa miaka kumi ile filamu ya Jackie Chan ya 1978, ya yule babu mlevi anayemfundisha ngumi. Nilikuwa nimeipigia debe tangu asubuhi: utacheka mpaka mbavu ziume. Dakika ishirini zikapita kimya. Babu anaanguka, anainuka, anakunywa, anapiga watu. Mtoto anaangalia, mimi naangalia, hakuna hata aliyeguna.

Hii filamu niliiona si chini ya mara nane kwenye banda la video, na kila mara watu walikuwa wanadondoka kwenye mabenchi. Sasa kimepungua nini? Ndipo nikagundua kwamba nilikuwa sijawahi kuisikia hata siku moja. Nilikuwa namsikia mkalimani, yule anayekaa na maiki akitueleza filamu kwa Kiswahili. Kwa mkalimani wetu yule babu alikuwa anadai deni la gongo, filamu nzima. Akikupiga ya shavu: "Hiyo ya Jumanne." Akikupiga ya tumbo: "Bado ya Jumatano." Juzi nimesoma maandishi ya chini mwanzo mpaka mwisho, sijaona deni la mtu yeyote.

Kwa hiyo natamka: mchekeshaji mkubwa kuliko wote niliokua nao sijawahi kumwona sura. Karibuni na mawe yenu.

#2 Fundi Deki
Nipo, nasubiri wajuaji.

#3 Mama Wawili
Hahaha "hiyo ya Jumanne". Mkuu umenikumbusha kaka yangu aliyekuwa akirudi nyumbani anatupiga kwa mtindo huo huo. Siku zote saba za wiki.

#4 Msee wa Githurai
Huku Kenya mkalimani wetu ni DJ Afro, na hata leo ukipanda matatu ya mbali unaweza kumsikia. Mimi Kihindi sijui, Kichina sijui, lakini Afro akianza kueleza mbona huyu jamaa ameachwa na msichana, unaona kabisa ni jirani yako. Kwani yule Lufufu wenu naye si alikuwa Mkenya?

#5 Fundi Deki
@Msee wa Githurai hapo umeteleza. Lufufu ni wa kwetu, Tanzania, na alikuwa mwanajeshi, kapteni kabisa. Ndiyo maana filamu za vita alikuwa anazieleza kama aliyekuwepo. Afro chukueni, hatuna ugomvi.

#6 Msee wa Githurai
Sawa buda, nimerudisha.

#7 Kijana wa 2003
Mimi nadhani mnasifia utoto wenu tu. Ukiwa na miaka tisa, umetoroka madrasa, umelipa kiingilio kwa hela ya sukari, utacheka hata ukuta. Mleta mada jaribu kula zile pipi za utotoni uone kama zina ladha ile ile.

#8 Mtoto wa Tandale
@Kijana wa 2003 hoja nzuri, ila mwanangu ana umri ule ule niliokuwa nao mimi. Na hakucheka.

#9 Kijana wa 2003
Mwanao hajatoroka popote. Umemkalisha kwenye sofa, baba yake pembeni anamchungulia kama atacheka. Nani anacheka hivyo?

#10 Mama Wawili
😂😂 Hapo mkuu umekamatwa.

#11 Mwalimu wa Zamu
Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Mnaandika "filamu zilizotafsiriwa", lakini tafsiri ni ya maandishi; ya mdomo ni ukalimani. Na hata ukalimani pengine sio, maana mkalimani anafungwa na alichosema mwenzake. Wale walikuwa wasimulizi. Mtu anakaa kando ya televisheni na maiki, anaeleza kinachoonekana, anaonya, anamtukana jambazi, anamshauri stelingi asiingie mle ndani. Bibi yangu alikuwa anatutambia hadithi za Sungura na Fisi hivyo hivyo: anaacha hadithi njiani, anamsema mjukuu aliyesinzia, anarudi. Fisi wa bibi siku zote alikuwa na tabia za jirani mmoja tuliyemjua wote. Tulicheka kwa sababu ya jirani, si kwa sababu ya fisi.

Kwa hiyo mimi simpi sifa mkalimani mmoja mmoja. Mtindo wenyewe ulikuwepo zamani, wao waliupatia picha tu.

#12 Fundi Deki
Mwalimu umesema vizuri ila ngoja niwaambie jikoni kulikuwaje, maana mimi nimekula mkate wa kazi hiyo.

Mwanzo ilikuwa papo kwa papo, mkalimani bandani na maiki yake. Baadaye wakaanza kurekodi. Unakuwa na deki mbili: moja inacheza, nyingine inarekodi, katikati mnafunga mixa, na maiki. Mkalimani akifungua mdomo unashusha sauti ya filamu. Ngumi zikianza unapandisha. Kazi yangu ilikuwa hiyo, kushusha na kupandisha. Ukichelewa kushusha, yeye anapaza sauti kushindana na bunduki, na hapo ndipo watu walipokuwa wanacheka zaidi. Wengine mkadhani ni ufundi wake. Ulikuwa uzembe wangu!

Mkanda ukitoka unanakiliwa, nakala inanakiliwa tena. Ya nne au ya tano picha imejaa chenga, humwoni tena nani kampiga nani, lakini sauti ya mkalimani bado iko juu kwa sababu tuliiweka juu tangu mwanzo. Mikoani mlikuwa mnaangalia redio, ndugu zangu. Mngecheka nini zaidi ya sauti?

Na kitu kingine. Huyo niliyefanya naye kazi hakuwa anaiangalia filamu kwanza. Mkanda unaingia, anaanza. Ndiyo maana katikati mtu aliyemwita "mke wake" anageuka kuwa dada yake, na yeye anatoka humo kwa kusema, "Kumbe alikuwa anamdanganya, ni dada yake!" Bandani wanashangilia. Nani ajue?

#13 Mtoto wa Tandale
@Fundi Deki hii post ibandikwe ukutani. Kwa hiyo chenga ndiyo ilimtengeneza mkalimani?

#14 Fundi Deki
Chenga na kutojua Kiingereza. Chetu na chake.

#15 Mnyalu Halisi
Kwetu Iringa alikuwepo mmoja anaeleza filamu ya kijeshi ya Kimarekani, wazee wawili wa suti wanafokeana ofisini. Akatuambia wanagombania kodi ya pango, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo. Tukawachukia sana wenye nyumba usiku ule. Nimekuja kuiona chuoni, wanabishana kama warushe kombora. Nilicheka peke yangu darasani, na sikuweza kumweleza mtu.

#16 Bint Vuga
Assalaam alaykum. Mimi nipo Maskati sasa lakini nimezaliwa Mji Mkongwe, na nnaona nyinyi wa Bara mnasema kama filamu zimeanza na deki.

Mamaangu alikuwa akenda Majestic pale Vuga, yapo maonyesho ya wanawake watupu, na filamu ni za Kihindi. Hapana mkalimani, hapana maandishi ya Kiswahili. Raj Kapoor katoka na suruali fupi na kofia yake, kama Charlie Chaplin kahamia Bombay, ukumbi wote unacheka. Zile za 1951 na 1955 mamaangu alikuwa anazijua nyimbo zake kwa moyo, Kihindi hajui hata kuomba maji. Akipita mchekeshaji kama Johnny Walker akilewalewa, hakuna aliyeuliza "kasema nini?" Mwili unasema.

Sasa nyie mkisema bila mkalimani hakuna kicheko, mamaangu mnamweka wapi?

#17 Kijana wa 2003
Bi mkubwa ameua mada.

#18 Mnyalu Halisi
@Bint Vuga shikamoo. Lakini nyinyi mlikuwa na bahati, Visiwani mlikuwa na televisheni tena ya rangi tangu miaka ya 1970. Sisi Bara tulisubiri mpaka 1994 vituo vya watu binafsi vilipoanza. Miaka yote ya katikati hapo banda ndilo lilikuwa televisheni yetu, na mkalimani ndiye mtangazaji, mchambuzi na mkurugenzi wa vipindi.

#19 Bint Vuga
Marhaba. Ya rangi ndiyo, lakini jirani mwenye nayo alikuwa mmoja, na tukikaa uwani kwake tukiangalia kwa dirishani. Na hapo tena kulikuwa na bibi mmoja kazi yake kutueleza. Basi pengine nnajipinga mwenyewe.

#20 Mzee wa Mutukula
Habari zenu. Mimi navuka mpaka kila wiki. Kampala wanawaita veejay, na mabanda yao wanaita bibanda, neno mnalijua lilikotoka. Wanasimulia kwa Kiganda. Kuna ile filamu ya vita ya Wakaliga ya 2010, inayouliza nani kamuua Kapteni Alex, ya Isaac Nabwana. Imeenda mpaka Ulaya na Marekani ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake, humo anapiga kelele, anasifu, anatania waigizaji. Na Wazungu wanachokikariri ni maneno ya VJ! Nani kauawa hawana habari naye. Kwa hiyo mtoa mada anaweza kuwa na haki, na hao hawakuwa na chenga wala hawakutoroka madrasa.

#21 Mwanachuo wa Zamani
Naongezea ya @Mzee wa Mutukula. Japani enzi za filamu bubu walikuwa nao hao, waliitwa benshi. Anasimama kando ya kitambaa, anaigiza sauti zote, mwanamke, mzee, mtoto. Watu walikuwa wanachagua ukumbi kwa kufuata benshi, si kwa kufuata filamu. Sauti ilipoingia kwenye filamu kazi ikafa. Kaka yake Akira Kurosawa, yule mwongozaji mkubwa, alikuwa benshi, alijiua 1933.

#22 Mama Wawili
Dah. Nimekuja kucheka mimi.

#23 Mwanachuo wa Zamani
Samahani dada.

#24 Bolo wa Buguruni
Mnamsahau mtu muhimu. Jackie Chan ni wa kuchekesha kwa sababu alikuwa rafiki wa Bruce Lee, Bruce akamwambia mimi napiga wewe chekesha.

#25 Mnyalu Halisi
@Bolo wa Buguruni hiyo umeipata kwa mkalimani yupi? 😂 Jackie alikuwa kijana wa kuanguka tu kwenye filamu za Bruce, ile ya 1972 na ile ya 1973, anapigwa anarushwa huko. Bruce alifariki Julai 1973, Jackie bado hana jina.

#26 Bolo wa Buguruni
Sawa, ila Bolo mwenyewe, yule mwigizaji Bolo Yeung, yumo kwenye ile ya 1973, kifua kile. Na miaka kumi na tano baadaye akamtia Van Damme vumbi la macho, kifua kile kile. Mimi nilikuwa upande wa Bolo. Mkalimani wetu alisema amenyimwa mshahara.

#27 Mtoto wa Tandale
Kila mkalimani na madeni. Inaonekana walikuwa hawalipwi.

#28 Fundi Deki
Hujakosea sana.

#29 Dada Mbagala
Nyinyi hamjaona. Kwetu mtu alimkalimani Mr. Bean. MR. BEAN! Mtu ambaye haongei! Alikaa na maiki nusu saa: "Sasa anawaza... anawaza hivi, huyu mama akisogea, mimi nakaa hapo." Na ilichekesha kuliko Mr. Bean mwenyewe.

#30 Mwalimu wa Zamu
Hiyo inanipa shida kwenye hoja yangu na inampa shida Bint Vuga pia. Mwili ulishasema kila kitu, kwa nini mtu bado anahitajika?

#31 Kijana wa 2003
Mr. Bean nilikuwa nadhani ana vipindi mia tano, maana kila sikukuu yupo.

#32 Mwanachuo wa Zamani
Vile vya mtu mwenyewe ni 15 tu, 1990 hadi 1995. Katuni ndiyo zikaja nyingi baadaye. Na Rowan Atkinson amesomea uhandisi wa umeme.

#33 Fundi Deki
Mwenzangu basi. Angekuja tushike mixa.

#34 Mama Wawili
Mimi nina nadharia ya kina mama. Kicheko kinaambukiza kama miayo. Bandani mko themanini, joto, mmebanana, mmoja mwenye kicheko cha ajabu akianza, basi. Kwetu alikuwepo fundi baiskeli anacheka kama anakata roho. Siku asipokuja filamu inakuwa ya huzuni. Mwenye banda alikuwa anamwingiza bure, si kwa wema. Mleta mada mtafutie mwanao watoto wa jirani kumi uwaweke chumba kimoja, uone.

#35 Mtoto wa Tandale
Chumba chenyewe futi kumi kwa kumi. Ila nimekusikia.

#36 Msee wa Githurai
Hiyo ya @Mama Wawili naiona, lakini sisi tulikuwa tunacheka na Mzee Ojwang na Mama Kayai nyumbani watu wanne tu, baba akiwa amekasirika. Kipindi chao cha Vitimbi hakikuwa na mkalimani wala umati. Ojwang, Mungu amlaze pema, alituacha 2015. Mzee alikuwa anavaa tu ile kofia na miwani, umeshacheka.

#37 Mnyalu Halisi
Kama Mzee Majuto wetu. Wa Tanga, alifariki Agosti 2018. Yule hata akikaa kimya akakutazama, umekwisha. Na wote wawili ni lugha yetu, mtaa wetu. Labda jibu ni hilo: tunacheka cha kwetu. Mkalimani alikuwa anamchukua Mchina anamfanya Majuto.

#38 Mwalimu wa Zamu
Kama ni lugha tu, mbona zile tamthilia zinazoingizwa sauti za Kiswahili kitaalamu, midomo inalingana, hazichekeshi? Mnakumbuka ile ya Kichina, Doudou na mama wakwe zake? Ilionyeshwa na TBC, ikapendwa mpaka Rais Xi Jinping akaitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Kiswahili safi kabisa. Tuliipenda kwa sababu mambo ya mawifi na mama mkwe tunayajua. Lakini kuanguka kwenye benchi? Hakuna. Kiswahili chenyewe kilikuwa kimepigwa pasi.

#39 Mama Wawili
Mimi nililia kwa Doudou. Mama mkwe wangu alikuwa sebuleni.

#40 Dada Mbagala
Tofauti ni kwamba kwenye Doudou sauti inajificha, inataka usahau kwamba ipo. Mkalimani alikuwa hataki umsahau hata dakika. "Hapa mtanisamehe, nakunywa maji." Alikunywa kweli!

#41 Babu Mtundu
Vijana mnabishana kuhusu juzi. Sisi tulianza na gari la sinema la serikali, linakuja kijijini, kitambaa kinatundikwa. Na stelingi wa kwanza Tanganyika mnamjua? Rashidi Kawawa. Alicheza filamu za Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1950, Muhogo Mchungu ni mojawapo. Kisha akawa Waziri Mkuu wa kwanza.

#42 Mwanachuo wa Zamani
Shikamoo babu. Filamu ni kweli. Ila Waziri Mkuu wa kwanza ni Nyerere; alipojiuzulu Januari 1962 ndipo Kawawa akashika.

#43 Babu Mtundu
Marhaba. Wa pili basi. Wewe ulikuwepo?

#44 Kijana wa 2003
Kwa hiyo tuna nchi ambayo Waziri Mkuu alikuwa stelingi na mimi sikufundishwa shuleni?

#45 Bolo wa Buguruni
Halafu hili neno stelingi limetoka wapi? Mimi nilidhani ni hela ya Waingereza, kwamba ndiye anayelipwa nyingi.

#46 Msee wa Githurai
Ni lile neno la Kiingereza kwenye posta, linaandikwa kabla ya jina la mwigizaji mkuu. Huku tunasema staringi.

#47 Fundi Deki
Mimi niliambiwa ni stelingi ya gari, usukani, yaani ndiye anayeendesha filamu. Na sibadiliki.

#48 Mtoto wa Tandale
Wakuu, mrejesho. Jana nimefuata ushauri. Nimekusanya watoto sita wa jirani, nimezima sauti, nimeshika kopo la sabuni kama maiki, nikaanza mwenyewe: "Babu huyo anakuja, anadai deni lake..." Dakika tano za kwanza walicheka. Halafu mwanangu akaniambia, "Baba, usiseme wanachofanya, tunakiona." Nikaacha kusema wanachofanya, nikawa nataja watu wa mtaa wetu tu. Jambazi nikampa jina la muuza chipsi wa pale kona. Wakagaragara.

Shida ni kwamba leo asubuhi muuza chipsi kaja kuuliza.

#49 Mama Wawili
😂😂😂 Utakula wapi sasa?

#50 Mwalimu wa Zamu
Fisi wa bibi. Sisemi kitu.

#51 Kijana wa 2003
Bado nashikilia: wamecheka kwa sababu mtu mzima ameshika kopo la sabuni.

#52 Dada Mbagala
Kabla uzi haujazama naomba msaada, nimekaa na hili tangu 1999. Ile filamu ya ndugu wawili, mmoja kipofu, wanamtafuta aliyemuua baba yao mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Jenereta lilizimika kipofu akiwa ndio anaingia ghalani. Mwenye banda akagoma kurudisha hela. Iliishaje?

#53 Fundi Deki
Bosi anazima taa za ghala ili ajifiche. Gizani kipofu ndiye fundi. Anamuua kwa kufuata harufu ya sigara.

#54 Mnyalu Halisi
Hapana, kwetu kipofu ndiye alikuwa muuaji, aliuziwa mashine kwa siri.

#55 Bolo wa Buguruni
Nyote hamjui. Hakuwa kipofu kabisa yule. Alikuwa anajifanya haoni ili asikutane na watu wanaomdai.

#56 Mtoto wa Tandale
Wanamdai nini?

#57 Bolo wa Buguruni
Gongo.